Safu ya Tano

Siku ya chapa tulikoka moto wa vifuu,
chuma kikalala humo hadi kikawa rangi ya papai bivu.
Mimi karani wa shehia: daftari, kalamu ya wino mweusi,
posho elfu tano na soda ya moto.
Safu ya kwanza, mwenyewe. Ya pili, rangi.
Ya tatu, pembe. Ya nne, namba.
Ya tano haikuwa na kichwa, wala sikuuliza.

Bi Mize Makame alikuja wa mwisho
na mtamba mwekundu, mkia mweusi,
pembe moja imepinda kama mpini wa mwavuli.
"Jina?" Nilimaanisha lake.
"Nisitiri," akajibu la ng'ombe.
Niliyaandika yote mawili, yamebanana mstari mmoja.

Moto aliukataa. Huyu nikimwita anakuja,
Shumba nzima nani asiyemjua?
Bwana mifugo alimweleza kwa upole
wa mtu aliyekwisha kueleza mara thelathini asubuhi ile:
Ng'ombe akiwa hai, mama, anajua kwao.
Akishakuwa kilo, hajui.
Hereni hukatwa pamoja na sikio.
Na tangu leo hachinjwi ng'ombe
ila sheha aone kichwa na ngozi;
hasafirishwi baada ya isha;
bandarini Wete hapandi chomboni pasi na karatasi.
"Mie mwenyewe sina karatasi," alisema Bi Mize.
Watu wakacheka, na ikawa ndiyo ruhusa.

Kamba ilishikwa na Nassor,
mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea;
mashoto, fundo lake hulala upande usio wa watu.
Alimziba ng'ombe jicho kwa kiganja.
"Vumilia, mama. Vumilia."
Ngozi ikalia kama samaki kwenye mafuta,
moshi wa nywele ukatutoa machozi sote, yeye zaidi.
Arubaini na moja, paja la kushoto.
Siku tisa Bi Mize alilipaka jeraha mafuta ya nazi
kwa kidole kile kile anachoonjea mchuzi.

Siku nne kabla ya Idi Kubwa
kamba ilikutwa imekatwa.
Sheria, lazima niseme, ilifanya kazi.
Konde, magari yalifunguliwa.
Wete, nyama iliyokuja ndani ya pakacha
iliulizwa kichwa chake,
ikarudi ilikotoka.
Hakuna aliyeinunua. Hakuna aliyeila.
Tuliipata kwa pua.

Na ngozi, je? Nchi yetu ya mawe,
udongo wake kina cha kiganja,
haifichi hata muhogo vizuri.
Kunguru walikwisha kufukua nusu.
Ilikunjwa, namba ndani, ikafungwa kamba,
na fundo limelala upande usio wa watu.

Sheha akaniita nisome. Nikapiga magoti kwenye changarawe.
Bi Mize hakuangalia paja. Aliangalia fundo,
muda wa kutosha chai kuchemka.
Kisha akaniuliza polepole, kana kwamba amesahau:
"Ng'ombe wangu alikuwa akiitwa nani?"
"Nisitiri."
"Haya."

Niliandika: arubaini na moja, inasomeka.
Hilo nilimdai mwenyewe kwa yule aliyeunguzwa.
Lakini chapa husema ng'ombe ni wa nani.
Haisemi nani alimwambia avumilie.
Safu ya tano niliiacha kama nilivyoikuta,
na Nassor, nyuma ya watu,
mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni
na haukutoka hata aliposalimiwa.

Mwaka huu moto umekokwa tena.
Iko kanuni mpya, haimo katika karatasi za Wizara:
kamba ashike mwenye ng'ombe mwenyewe.
Bi Mize hana ng'ombe.
Alikuja vivyo hivyo, wa mwanzo safari hii,
na kikapu cha vifuu.